Mawe ya Umeme: Yapi Kweli, Yapi Uongo?

Katika mwezi wa Januari 2023 habari moja ilizunguka dunia yote kwa njia ya simu. Picha za video zilionyesha mtu aliyeshika mawe mawili. Kila alipoyagusanisha, cheche ziliruka. Picha nyingine ilionyesha jiwe lililoshikwa kwa vidole, na taa ndogo iliyowaka mara nyaya zake zilipoligusa. Maneno yaliyofuatana na picha hizo yalisema kwamba mawe hayo yamepatikana katika nchi yetu ya Kongo. Watu wengi sana walisadiki. Wengine walishangilia, wakidhani giza la nyumba zetu limekwisha. Wengine waliona uchungu, wakisema kwamba mali hii nayo itabebwa na wageni.

Wataalamu wa miamba walipoulizwa, walijibu kwamba hawajui jiwe lolote litoalo umeme kwa namna ile. Lakini mwanafunzi mwenye kufikiri aweza kuuliza: “Je, hatukufundishwa kwamba yako mawe yatoayo umeme yakibanwa?” Naam, mwanafunzi huyo hakukosea. Mawe hayo yapo, na kazi yake ni kubwa katika dunia ya leo. Na hii ndiyo sababu uongo ule ulipata nguvu: ulivaa nguo za kweli. Basi, yafaa tuijue ile kweli yenyewe, ili tuweze kuutambua uongo.

PADRE NA NDUGU WAWILI

Habari hii yaanza na Padre mmoja wa Ufaransa, jina lake René-Just Haüy, aliyezaliwa mwaka 1743. Siku moja fuwele nzuri ilianguka ikapasuka, naye akaokota vipande vyake. Aliona kwamba vipande, vikubwa kwa vidogo, vilikuwa na umbo moja. Akafahamu kwamba fuwele hujengwa kwa mpango, kama ukuta wa matofali yaliyo sawasawa. Kwa kazi hiyo Padre Haüy huitwa baba wa elimu ya fuwele. Alichunguza pia jiwe liitwalo turmalini, ambalo likipata joto huonyesha umeme kwenye ncha zake. Mwaka 1792, wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, alitiwa kifungoni kwa sababu ya upadre wake, naye akaokolewa kwa bidii ya mwanafunzi wake, Geoffroy Saint-Hilaire.

Padre Haüy alifariki mwaka 1822. Mwaka 1880, katika mji wa Paris, ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, walishika njia ile ile. Pierre alikuwa na umri wa miaka 21 tu. Walijiuliza: ikiwa joto laweza kuamsha umeme katika fuwele, je, kubana hakuwezi? Wakakata vipande vyembamba vya turmalini, vya kwatsi, vya topazi, hata vya sukari ya miwa, wakavibana. Kumbe, umeme ukatokea! Mwaka uliofuata walithibitisha kinyume chake pia: fuwele ikitiwa umeme hubadili umbo lake kidogo sana, kana kwamba inajinyoosha.

Baadaye Pierre alimwoa Marie, yule bibi mtaalamu mashuhuri. Mwaka 1898 Marie alitumia chombo cha kwatsi kilichobuniwa na ndugu hao ili kupima umeme mdogo mno uliosababishwa na miali ya urani. Alining’iniza vizani kwenye kipande cha kwatsi. Uzito mdogo ulitoa umeme kidogo, uzito mkubwa ukatoa zaidi, kwa kadiri isiyobadilika. Msomaji, liweke neno hili moyoni: kadiri ya uzito ndiyo kadiri ya umeme. Tutalirudia.

DUARA LA WATOTO SITA

Kwa nini jiwe libanwe litoe umeme? Waalimu waweza kuonyesha sababu yake uwanjani pa shule. Wasimamishe watoto sita katika duara, mvulana kisha msichana, kwa zamu, mpaka duara likamilike. Wavulana ni mfano wa chembe zenye umeme chanya, na wasichana ni mfano wa chembe zenye umeme hasi. Tafuta mahali palipo katikati ya wavulana watatu. Kisha tafuta katikati ya wasichana watatu. Utaona kwamba ni mahali pale pale. Chanya na hasi zimelingana, wala nje hakuna umeme uonekanao.

Sasa libane duara hilo kutoka mbele, aliposimama mvulana, na kutoka nyuma, aliposimama msichana anayemkabili. Mvulana anasogea nyuma kidogo, na msichana anasogea mbele kidogo. Tafuta tena zile katikati mbili. Zimeachana! Ile ya wavulana imekwenda nyuma, na ile ya wasichana imekuja mbele. Hivyo ndivyo ilivyo katika kwatsi, ambayo imejengwa kwa silikoni na oksijeni. Duara moja ni dogo lisiloonekana, lakini fuwele moja ina maduara yasiyohesabika, yote yakielekea upande mmoja. Basi, uso mmoja wa jiwe wapata umeme chanya na uso wa pili wapata umeme hasi. Ukiliachia jiwe, watoto wanarudi mahali pao, na umeme unatoweka.

Si kila fuwele ina tabia hii. Chumvi ya mezani ni fuwele pia, lakini humo kila chembe ina mwenzake wa namna ile ile upande wa pili wa katikati. Ukiibana, akisogea mmoja huku, mwenzake husogea kule, na hesabu yabaki sawa. Ndiyo maana sukari yaweza kutoa umeme ikibanwa, na chumvi haiwezi. Wataalamu hugawa fuwele zote katika jamii 32 kwa kadiri ya mpango wake. Jamii 20 tu ndizo zenye uwezo huu.

KATIKA NYUMBA ZETU NA HOSPITALI ZETU

Huenda, msomaji, unacho chombo cha namna hii nyumbani. Viko viwashio vya jiko la gesi ambavyo havina betri wala jiwe la kusugua, ukibonyeza, chalia “ta!” na cheche yaruka. Ndani yake mna springi inayokaza nyundo ndogo, na nyundo hiyo hupiga kipande cha kauri maalumu iliyotengenezwa kwa risasi, zirkoni na titani. Kwa pigo moja hutokea umeme wa volti maelfu, lakini kwa kitambo kidogo sana na kwa kiasi kidogo sana. Watosha kuwasha gesi. Hautoshi kuwasha taa ya kusomea.

Itazame na saa ya mkononi. Katika saa nyingi mna kipande cha kwatsi chenye umbo la uma. Betri hukitia umeme nacho hutikisika mara 32,768 kila sekunde, wala hakichoki. Mashine ndogo hugawanya hesabu hiyo kwa mbili, mara kumi na tano, hata libaki pigo moja kwa sekunde. Mwanafunzi na ajaribu hesabu hiyo katika daftari lake. Saa ya kwanza ya mkononi ya namna hii iliuzwa Japani siku ya Noeli ya mwaka 1969.

Na akina mama waliokwenda hospitali kufanyiwa ekografia wamekwisha kuguswa na fuwele hizi, ijapokuwa hawakuambiwa. Kile kidude ambacho mganga hukitembeza juu ya tumbo kina vipande vya kauri ya namna ile ile. Umeme huvitikisa vikatoa sauti isiyosikika kwa masikio yetu. Sauti hiyo humwendea mtoto, ikarudi kama mwangwi. Mwangwi huvibana vipande vile, navyo hutoa umeme tena, na mashine huugeuza kuwa picha. Chanzo cha ufundi huo ni vita kuu ya kwanza ya dunia: mwaka 1917 mtaalamu Paul Langevin wa Ufaransa alitumia kwatsi kupeleka sauti majini ili kutafuta meli za vita zilizojificha chini ya bahari. Kilichoanza kwa ajili ya vita leo chamsaidia mama kujifungua salama.

JIWE HALITOI BURE

Sasa turudi kwa lile neno tuliloliweka moyoni. Jiwe hutoa umeme kwa kadiri lilivyobanwa. Halina ghala ya umeme ndani yake. Nguvu inayotoka ni sehemu ya nguvu iliyotiwa na mkono.

Wakazi wa Goma wote waijua chukudu. Chukudu iliyosheheni kabeji kutoka Kibumba hushuka mbio, nayo haina injini. Je, imepata nguvu bure? La hasha! Ni kimo cha kilima kilichoilipia, na kijana yule hana budi kuisukuma tena kupanda, jasho likimtoka. Na umeme wa mtambo wa Matebe, uliozinduliwa mwaka 2015 katika Rutshuru, huzalishwa na nguvu ya maji ya mto yashukayo. Kila mahali kuna kitu kinacholipa.

Tufanye hesabu. Betri ya simu ya siku hizi hushika nguvu ya wati-saa 15 hivi. Kama ungetaka kuijaza kwa mikono yako, ingekupasa kuinua bidoni la maji la lita 20, kutoka chini mpaka kimo cha meta moja, karibu mara 270. Tena hiyo ni kama nguvu yote ya mikono ingegeuka umeme bila kupotea hata kidogo, jambo lisilowezekana. Basi, mtu akikuonyesha jiwe linalowasha taa mfululizo kwa kuguswa tu, muulize: ni nani aliyeinua mabidoni?

Iko na alama ya pili. Fuwele ikibanwa hutoa umeme mara moja, kisha basi. Ili itoe tena sharti iachiwe na kubanwa upya. Taa isiyozimika si kazi yake. Na alama ya tatu: kwatsi haipitishi umeme. Lakini mawe mengi mazito yenye kung’aa, yaliyojaa madini, hupitisha umeme kama waya. Mtu akiunganisha mawe hayo na betri iliyofichwa, cheche zitaruka mbele ya macho ya watu, na sifa zitaliendea jiwe.

MAWE YA KIVU

Je, mawe yetu yana tabia hii? Jiwe jeusi la Goma, lile lililotiririka kutoka Nyiragongo na kuliharibu Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu mwaka 2002, halina kwatsi, kwa maana lava ya mlima ule ni haba wa silika. Kwatsi hupatikana katika miamba ya kale ya Masisi, katika mishipa ileile ya mawe meupe ambamo watu huchimba koltani.

Koltani yenyewe, ukiibana, haitoi umeme. Lakini ndani yake imo metali iitwayo tantali. Sehemu kubwa ya tantali hutumika kutengenezea vile vidude vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu na mashine. Sehemu ndogo huunganishwa viwandani na lithiamu, zikakuzwa fuwele ambazo hutikisika zitiwapo umeme, nazo huichagulia simu sauti yake katikati ya mawimbi mengi ya angani. Jiwe lililotoka Masisi kwa magunia hurudi Goma limefichwa katika simu, na bei yake si ile ya gunia. Kilichoongezwa njiani ni maarifa.

WAJIBU WETU

Mtu aweza kusema: “Picha ya uongo yamdhuru nani?” Yadhuru. Mwaka 2021, habari za dhahabu zilipoenea katika Luhihi, huko Kivu ya Kusini, watu wengi walikimbilia kilima hicho wakachimba kwa majembe na kwa mikono mitupu, hata wakubwa wa jimbo wakasimamisha uchimbaji. Hiyo ilikuwa dhahabu. Fikirini, basi, jamaa akiuza mbuzi wake ili anunue “jiwe la umeme”, au vijana wakiacha shule ili walitafute! Na huko Rubaya, ambako migodi ilitekwa na waasi wa M23 mwaka 2024, twaona jinsi habari ya mali iliyo chini ya ardhi inavyovuta bunduki.

Wazazi, msiipeleke mbele habari msiyoipima. Amri ya Nane hutukataza uongo, na kidole kinachobonyeza simu hakikuondolewa katika amri hiyo. Nanyi wanafunzi, msiyadharau mawe kwa kuwa uongo umesemwa juu yake. Mwenyezi Mungu ameweka katika punje moja ya sukari mpango ambao Padre Haüy na akina Curie walitumia maisha yao kuusoma. Mpango huo haufichwi kwa mtoto wa Goma. Wahitaji macho ya kutazama, hesabu iliyo sahihi, na uvumilivu wa kukaa shuleni mpaka mwisho.