Safari ya Mwambao: Kabla ya Kilomita, Hesabu Maji

Na Katibu wa Chama



Katika mkutano wetu uliopita mlinipa dhamana ya kuipanga safari ambayo imezungumzwa kwetu muda mrefu: wanachama 14, kwa fedha walizoziweka kidogo kidogo baada ya kila mauzo ya karafuu, wapande gari moja Kunduchi, wafuate mwambao mpaka Lamu, waone mashamba ya minazi na mikorosho ya wenzetu wa Kenya, na wale wenye jamaa zao huko wapate kuonana nao. Kazi niliifanya, na mara ya kwanza niliifanya vibaya. Naandika makala haya kueleza kosa lilikuwa wapi na limetengenezwa vipi, kwa sababu fedha ni zenu, na katibu anayesema "mambo tayari" bila ya kuonyesha hesabu si katibu wa kuaminiwa.

Wengine wameniuliza: kwa nini tuanzie Kunduchi, na sisi watu wa visiwani tungeweza kuvuka moja kwa moja kwenda Tanga? Jawabu ni kwamba gari tuliyoahidiwa kwa bei nafuu ipo Kunduchi, kwa mkwe wa mwanachama mwenzetu, na dereva wake anakaa huko huko. Tena wengi wenu mlisema mnataka kuiona Bagamoyo.

HESABU YANGU YA KWANZA

Nilichukua ramani na kalamu. Kunduchi mpaka Bagamoyo, kiasi cha kilomita 45. Bagamoyo mpaka Tanga kwa njia ya Pangani, 250 na kidogo. Tanga mpaka mpakani Horohoro, 65. Kutoka Lunga Lunga, upande wa pili wa mpaka, mpaka Mombasa, 105. Mombasa mpaka Malindi, 120. Malindi mpaka Mokowe, pwani ya kuvukia kwenda Lamu, 220. Jumla yake ni kama 800. Nikasema, gari ikienda kilomita 60 kwa saa, ni saa 13 na kitu. Siku mbili, basi! Nikaandika siku mbili za kwenda, tatu za kukaa, mbili za kurudi. Na mwezi nikaandika Aprili, kwa kuwa Aprili shambani hatuna karafuu ya kuchuma. Kamati ikafurahi. Mimi nikafurahi zaidi.

MZEE WA KUNDUCHI

Baada ya hapo nilikwenda Kunduchi kuitazama gari. Kwa wasiopajua, Kunduchi ni kijiji cha wavuvi kaskazini ya Dar es Salaam, na mji umekifuata mpaka mlangoni pake. Asubuhi kuna mnada wa samaki pwani. Kuna na magofu ya msikiti wa kale, na makaburi yenye nguzo, ambayo ndani ya kuta zake wazee walijengea sahani na bakuli za Kichina.

Mwenye gari alinikalisha barazani kwa baba yake, mzee aliyeanza kazi kwa utingo wa lori la chumvi, kisha akawa dereva wa mizigo ya Tanga na Mombasa kwa miaka mingi. Nikampa shikamoo, nikampa na karatasi yangu. Akaisoma yote, akanirejeshea.

"Mwanangu," akasema, "kilomita nimeziona. Maji umeyaandika wapi?"

"Mzee wangu, sisi tunakwenda kwa gari, si kwa jahazi."

"Ndiyo maana nakuuliza. Mwenye jahazi hana haja ya kuhesabu mito. Wewe wa gari ndiye utakayekutana nayo yote."

Akanihesabia kwa vidole: Ruvu, Wami, Pangani, Umba pale Lunga Lunga, mlango wa bahari wa Kilindini, Nyali, Mtwapa, Kilifi, Sabaki, Tana, na mwisho bahari iliyo baina ya Mokowe na Lamu. Vidole vyake vikamwishia, akashika kimoja changu.

Ndipo nilipofahamu. Mito yetu hutoka bara ikamwagika baharini, na njia ya mwambao inaikata yote kwa ubavu. Wazee wetu hawakuwa wajinga kuifanya bahari ndiyo barabara yao. Walipanda na kusi kwenda Lamu, wakarudi na kaskazi. Barabara ya gari ni jambo jipya, na kila kipande chake kimengoja daraja lake. Nyali palikuwa na daraja la kuelea tangu 1931, na daraja la kusimama likaja 1980. Kilifi watu walivuka kwa kivuko mpaka daraja lake lilipofunguliwa 1991. Likoni kivuko kingalipo, na watu wa Mombasa hawajaisahau tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilipopinduka wakafa watu 272. Barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika 2024, ndiyo iliyomwezesha mwenye gari kuingia Mombasa kutoka kusini bila ya kupanda kivuko.

Basi mzee akanifundisha kuandika mambo matatu mbele ya kila maji: kuna daraja au kivuko; masika panapitika au hapapitiki; na pakizuilika, njia ya pili ni ipi. Nanyi mkipanga safari zenu wenyewe, fanyeni hivyo hivyo.

NJIA TULIYOICHAGUA

Kwa hesabu hiyo mpya, baina ya Bagamoyo na Tanga mambo yamebadilika. Njia ya pwani inapita karibu na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kisha inafika Bweni, na kutoka Bweni mpaka mjini Pangani desturi ni kuvuka kwa kivuko. Kazi ya kuitia lami njia hiyo na kuijengea Pangani daraja kubwa ilianzishwa kwa vipande, na mtu asitegemee kipande asichokiulizia. Njia ya pili ni kukata Bagamoyo mpaka Msata, kilomita 64 za lami, kisha Segera, Muheza na Tanga. Huko Ruvu, Wami na Pangani yote yana madaraja. Tutapita huku. Wenye hamu ya kuuona mji wa Pangani wasihuzunike, tutakwenda kuutazama kutokea Tanga, ni kilomita 50 hivi, na njiani tutayaona magofu ya Tongoni yenye makaburi ya nguzo kama yale ya Kunduchi.

MWEZI WA SAFARI

Aprili nimeifuta. Mvua ile ile inayotuneemeshea mikarafuu ndiyo inayoijaza mito ya wenzetu. Mafuriko ya mto Tana ya Novemba 2023 yaliikata barabara ya Lamu, na hiyo ni vuli, siyo masika. Kwa hiyo Novemba nayo haifai, na juu ya hayo ndio wakati wa karafuu kuwa juu ya majamvi. Nani atakayeanua mvua ikitokea?

Miezi iliyobaki ni michache. Mavuno makubwa yakianza Julai au Septemba huweza kuendelea mpaka Januari. Kwa hiyo kamati inaona tutoke mwishoni mwa mavuno, katika kaskazi, njia ikiwa kavu na mwanachama ameshalipwa. Lakini Ramadhani kila mwaka husogea nyuma siku kumi au kumi na moja, na hapana anayetaka kufunga saumu akiwa kwenye gari Garsen. Tarehe yenyewe itatajwa mkutanoni, kalenda zote mbili zikiwa mezani.

KHABARI YA BIBI MMOJA

Kuna bibi mmoja, mwanachama wa siku nyingi, aliyekuwa wa kwanza kuweka fedha za safari hii. Dada yake aliolewa Malindi tangu ujana wao, na sasa anaumwa. Nilikwenda kwake na uzito moyoni kumwambia kwamba safari si Aprili tena, ni baada ya mavuno. Alinyamaza, kisha akaniuliza:

"Malindi iko kabla ya huo mto Sabaki, au baada yake?"

"Kabla yake, bibi."

"Na huo Tana?"

"Tana uko mbele zaidi."

"Basi mito hiyo miwili si yangu. Nihesabie yangu."

Nikamhesabia pale pale. Kwa njia ya Segera, maji yote mpaka Malindi yana daraja isipokuwa Likoni, na Likoni kivuko hufanya kazi usiku na mchana. Mabasi ya Dar es Salaam na Mombasa yapo. Nilikuwa nimemfunga bibi huyu katika safari ya watu 14, na njia yake mwenyewe ilikuwa wazi siku zote! Nikamrejeshea fedha zake, mjukuu wake akashughulikia hati za safari, wakaenda. Wamefika salama, na dada yake amemkuta hai.

Wanachama, fedha zile nilizirejesha kabla ya kamati kukaa. Hilo silifichi. Na matokeo yake ni kwamba kodi ya gari sasa itagawanywa kwa watu 13, na kila mmoja atazidishiwa kidogo, isipokuwa apatikane mtu wa kuijaza nafasi hiyo. Naomba mkutano uniidhinishe au unikosoe.

HATI NA MIZIGO

Mpaka Desemba 1963 mwambao wa Kenya, upana wa maili 10, ulihesabiwa milki ya Sultani wa Zanzibar chini ya ulinzi wa Waingereza, na wapo wazee wetu ambao Mombasa hawajaiona kuwa ugenini. Ni kweli kwamba lugha ni moja na ndugu ni wamoja. Lakini mpaka ni mpaka. Basi kila msafiri awe na haya:

Kwanza, pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi hakitoshi.

Pili, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana Kenya imo katika nchi zenye ugonjwa huo na wakati wa kurudi tutaulizwa. Sindano ipigwe siku 10 au zaidi kabla ya safari. Aliyekwisha kupigwa asirudie, cheti chake ni cha maisha.

Tatu, kwa upande wa gari: kadi yake ya asili, barua ya ruhusa ya mwenyewe, na bima ya kuvuka mpaka, ile inayoitwa kadi ya njano ya COMESA. Bima ya ndani haivuki Horohoro.

Nne, na hili nalisema kwa herufi nzito: KARAFUU HAZISAFIRI NASI. Hata pishi moja, hata makonyo ya kufukizia. Sheria zetu tunazijua, na tunajua ofisa wa forodha anamtazama vipi mkulima wa karafuu mwenye mfuko anayeelekea Mombasa. Mtu mmoja akikamatwa na kibaba cha zawadi, jina litakaloandikwa ni la chama chetu. Anayetaka kumpelekea mwenyeji wake kitu, achukue halua.

RATIBA

Siku ya 1: meli mpaka Dar es Salaam, kulala Kunduchi. Siku ya 2: kutoka baada ya alfajiri, Bagamoyo, Msata, Segera, kulala Tanga. Siku ya 3: Tongoni na Pangani, kurudi Tanga. Siku ya 4: Horohoro mapema, kulala Mombasa. Ni kilomita 170 tu, lakini siku nzima nimeipa forodha na uhamiaji. Siku ya 5: kupumzika Mombasa na kuiona Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno 1593. Siku ya 6: Mtwapa, Kilifi, magofu ya Gedi, kulala Malindi. Siku ya 7: kukaa Malindi na kuulizia njia. Siku ya 8: kutoka alfajiri kwenda Mokowe na kuvuka Lamu. Siku ya 9 na ya 10: Lamu. Siku ya 11 mpaka ya 13: kurudi. Siku ya 14 haina kazi. Hiyo ni akiba ya lolote litakalotuzuia.

Siku ya 7 nimeiweka kwa makusudi. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, barabara baina ya Garsen na Lamu imeshambuliwa zaidi ya mara moja, na si ya kupita usiku. Tutaulizia kwa polisi na kwa madereva wa mabasi. Tukiambiwa tusiende, hatwendi. Malindi itakuwa ndiyo Lamu yetu, na fedha zilizobaki zitarudi kwa wenyewe. Nataka jambo hili likubaliwe sasa, tungali nyumbani, maana watu 13 waliokwisha fika Malindi hawawezi kuamua kwa moyo mtulivu.

Wenye nia wapeleke majina yao kwa wenyeviti wa matawi kabla ya mkutano, pamoja na pasipoti kwa walio nazo, ili tujue nani ana hati na nani hana. Na mwenye neno juu ya hesabu hii alilete kwa maandishi au kwa mdomo. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mimi sijayafika yote kumi na moja, na aliyeyafika asininyime alijualo.

Wassalaam.
Katibu