Merikebu inayoruka, na mutu anayekaa ku kiti

Siku ya Mungu moja jioni, courant ilikatika cité nzima. Nilitoka ku mukutano wa syndicat, nikakuta vijana wane wamezunguka meza yetu ya kulia, taa katikati, makaratasi mengi, kalamu, na kete za ajabu. Mama wa nyumba alisimama ku mulango, mikono kiunoni. Alikuwa amesikia mwana wetu anasema neno « matanga ». Akaniuliza pole pole:

– Baba, nani amekufa?

Hakuna aliyekufa. Mwana alitafuta mu dictionnaire neno la « voiles » kwa Kiswahili, akakuta matanga: kule pwani, tanga ni kitambaa cha merikebu kinachoshika upepo. Kwetu matanga ni kilio. Tukacheka. Lakini mama hakuondoka ku mulango, juu alikuwa amesikia tena neno « mage », na mu kanisa yetu habari ya mage ni habari ya bulozi.

– Mama, haiko bulozi, mwana akamujibu. Ni mchezo tu. Tunahadithia, basi.

Nikavuta kiti. Mu miaka yote ya syndicat nimejifunza jambo moja: kitu usichokijua, keti kwanza, sikiliza, kisha useme. Nilichosikia usiku ule ninataka kuwaandikia ndugu zangu wa mine na watu wa nyumba zenu.

Ule mchezo unaitwa Donjons et Dragons. Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, waliutoa mwaka 1974. Hauna carte, hauna ubao kama dame. Mutu mumoja anaongoza hadithi, wengine kila mutu anashika mutu wake wa hadithi: huyu askari, yule mwizi, mwingine mage. Ukitaka kufanya jambo gumu unatupa kete yenye pande 20, na namba njo inaamua kama umeweza ao umeshindwa.

Mwaka 1989, Jeff Grubb alitoa ndani ya mchezo huu dunia moja inayoitwa Spelljammer. Humo kuna merikebu za mbao, na mulingoti, kamba na voile, lakini haziendi juu ya maji. Zinaruka mu anga, toka dunia moja mpaka dunia ingine, kati ya nyota. Moja iko na sura ya samaki mwenye kichwa cha nyundo, ingine ni kama konokono kubwa ya bahari. Wale waliokulia Kalemie na kuona mashua zikitoka asubuhi ku ziwa Tanganyika, waweke picha ile mu kichwa, kisha waondoe maji.

Mimi nikauliza ulizo la mutu wa kazi: inaenda na nini? Mazout iko wapi?

Mwana akanionyesha picha ku téléphone. Ni kiti. Kiti kikubwa kama cha mufalme, kimefungwa ndani ya merikebu. Mage anakaa, na nguvu yake inaingia mu mbao, merikebu inaamka. Zile voile zinasaidia kugeuka tu. Nguvu yenyewe inatoka mu mwili wa ule aliyekaa. Katika kitabu cha 1989, mage akikaa ku kiti anapoteza nguvu zake zote za siku ile. Akisimama hawezi kufanya hata kajambo kadogo mpaka alale, apumzike. Tena, mage mwenye nguvu kubwa anafanya merikebu ikimbie. Mage mudogo, merikebu inatembea pole.

Sikuwa na haja ya kuelezwa mara mbili. Nani kati yetu hajaona mutu anatoka poste ya usiku, anakaa mbele ya sahani, na analala mukono ukiwa mu bukari?

Kuna kiti kingine kibaya zaidi, kinaitwa lifejammer. Hicho hakitaki mage. Unaweka mutu yeyote, unamufungia, kinakula uzima wake kidogo kidogo, na merikebu inaendelea. Akiisha, unatafuta mwingine. Na mu dunia ile kuna kabila moja, neogi, mwili kama buibui na kichwa kama cha anguille, ambao kwao kila kiumbe ni mali ya kuuza.

Halafu wakafika ku hewa, hapo nikasogeza kiti karibu na taa.

Mu anga hakuna hewa. Kila merikebu inabeba hewa yake, imeizunguka kama blanketi. Na ile hewa inachakaa. Kitabu kinaiweka mu hali tatu: hewa safi, hewa chafu, hewa ya kuua. Watu wakizidi ile hesabu ya merikebu, inachafuka mbio. Mu kitabu kipya cha mwaka 2022 wanasema hewa inakuwa safi siku 120, kisha inakuwa chafu, watu wanakosa nguvu kama mutu aliyekula sumu. Kisha inakuwa ya kuua. Vijana waliandika siku zile ku karatasi, kila siku wanafuta moja. Wanacheza, lakini hewa wanaihesabu.

Hicho kitabu kipya kilibadilisha mambo. Kiti kimebaki, lakini mage akikaa hapotezi tena nguvu zake. Vijana wanasema ni vizuri, juu zamani ule aliyeshika mage alikuwa anaketi bure mu mchezo mzima. Ninawaelewa. Lakini mimi délégué, nikiona bei imefutwa ku karatasi, ninauliza nani sasa anailipa.

Tena mu kitabu kile kulikuwa na kabila la mabaharia, hadozee, wanaofanana na nyani. Waliandika kwamba zamani mage mumoja aliwakamata, akawabadilisha na dawa, akitaka kuwauza. Wasomaji wengi wakakataa, wakasema inafanana na maneno mabaya yaliyosemwa juu ya watu weusi wakati wa utumwa. Mu mwezi wa 9 mwaka ule, wenye kitabu, Wizards of the Coast, waliomba musamaha na wakaondoa yale maandiko. Watu walisema pamoja, njo ikabadilika.

Turudi ku meza. Mu hadithi ya usiku ule, mage wao alikuwa amechoka, na mufanya biashara mumoja akawaletea lifejammer kwa bei ya chini. Na chini, mu merikebu yao, walikuwa na mufungwa mumoja, mwizi. Mwana wangu njo alikuwa capitaine. Akageuka:

– Papa, weye ni délégué. Ungefanya nini?

– Hapana, nikasema. Mutu haiko mazout.

Nilijibu mbio sana. Kisha nikanyamaza, juu nilikumbuka.

Miaka iliyopita, ku mine moja nilikotumika, ventilateur ya galerie yetu iliharibika. Mukubwa wa kazi akaleta neno: endeleeni poste tatu, kuna prime, pièce iko njiani. Wenzangu wakaniangalia mimi. Nikahesabu minerval ya watoto, nikasema tuendelee. Zile poste tatu zikakuwa wiki mbili. Kichwa kinauma, macho yanazunguka, wengine wanatapika. Hakuna mutu aliyekufa, kwa hiyo hakuna aliyeandika kitu. Lakini mwenzetu aliyekuwa anatoboa mbele kabisa hakupata tena pumzi yake ya zamani. Leo anauza makala mbele ya nyumba yake. Kutoka pale mpaka kanisa anapumzika mara mbili njiani. Mimi prime yangu nilinunua mabati.

Hiyo nilisema mbele ya wale vijana, na mwana wangu alikuwa hajaisikia hata siku moja. Hatukuhesabu siku za hewa. Hatukuwa hata na karatasi.

Vijana wakajadiliana. Mwishoni wakakataa kile kiti. Wakapanga zamu: wako na mage wawili, mumoja mukubwa na mumoja mwanafunzi, leo huyu, kesho yule, na aliyesimama hakuna kumuomba kitu mpaka alale. Merikebu ikatembea pole. Wakakosa bei nzuri ya mizigo yao. Mumoja alikasirika kabisa, akasema wamekuwa wajinga. Hawakumufukuza, walimwachia aseme.

Mbele ya kulala, mwana akanionyesha kitu cha mwisho. Mu vitabu vya zamani, wale nains, watu wafupi wenye ndevu, wachimbaji wa hadithi za Ulaya, hawatumii kiti. Wanachimba mulima ndani, wanaweka forge, na ule mulima mzima unaruka kwa nguvu ya kazi yao wote pamoja ku nyundo. Hakuna mumoja anayeliwa. Na wakiweka nyundo chini, mulima unasimama, na kila mutu mu mulima anajua juu ya nini umesimama.

Siku ya kwanza ya juma nilipeleka ku mukutano maulizo matatu, nimeyaandika nyuma ya fiche de paie. Leo hewa iko mu hali gani, na nani ameipima? Nani anakaa ku kiti, na atasimama saa ngapi? Aliyesimama, anapumzika kweli ao anapewa kazi ingine? Ninawaomba kila équipe iulize hayo mbele ya kushuka, na majibu yaandikwe, na tarehe.

Na ninyi mama za nyumba, mutusaidie. Mama wangu hapendi bado neno mage. Lakini nikitoka poste ya usiku, mbele hata ya kunipa maji, ananiuliza:

– Baba, leo nani alikaa ku kiti?

Na ninapashwa kumujibu.