Mwarabu wa Vitabuni

Huko Ndera, ukingoni mwa Mto Tana, nilimwomba mwanafunzi anichoree Mwarabu. Akachora mwanamume mwenye kilemba, mjeledi na mnyororo. “Na wanawake wao?” Akanyamaza. Simlaumu, biashara ya watumwa ilikuwapo, wala haifai kufichwa. Ila vitabu tulivyosomeshwa havikumpa Mwarabu sura nyingine.

Mwaka 2013 Deena Mohamed, binti wa Kimisri, alianza kumchora Qahera, shujaa wa kike avaaye hijabu, apambanaye na wanaume wasumbufu wa mitaani, na vilevile na wageni wadhanio kuwa yeye ni wa kuokolewa. Jina hilo lina maana ya mshindi. Mzizi wake ndio wa Kahari, sifa ya Mungu tuijuayo. Walimu wenzangu, mtafsirieni mwanafunzi huyo katuni hizo, kisha mpeni tena kalamu.