Bendera ya Baharini na Jirani wa Bara



Wiki chache zilizopita tuliitwa katika nyumba moja hapa Mombasa kusikiliza shauri la posa. Kijana ni mwenye dini, ana kazi yake, na binti amemridhia. Tukauliza kizuizi ni nini. Mzee mmoja akajibu kwa neno moja tu: "Mnyika." Wazazi wa kijana huyo watoka Rabai, nao ni Waislamu tangu enzi za babu zao. Majina hatuyataji. Walakini neno lile lilitukera, na tangu siku ile tumekuwa tukiyarejea mambo ya mji huu ya miaka mia mbili iliyopita.

Wengi wetu twapita Port Reitz kila mara bila ya kujiuliza jina hili limetoka wapi. John James Reitz alikuwa luteni wa manowari za Kiingereza, kijana wa miaka ishirini na kitu. Aliachwa Mombasa mwezi wa Februari 1824 awe mwangalizi wa himaya ya Waingereza, na kabla ya Mei kwisha alikwishakufa kwa homa, baada ya safari ya kwenda Pangani. Hakukaa hata miezi minne, na jina lake liko mpaka leo.

Alifikaje? Wakati huo Mvita ilitawaliwa na maliwali wa Kimazrui, ambao tangu karne iliyotangulia walikuwa wamekataa kuwa chini ya ufalme wa Al-Busaidi wa Oman. Seyyid Said bin Sultan naye hakuwa mtu wa kulisahau jambo hilo. Vita vya Shela viliwavunja nguvu Wamazrui kule Lamu, na kufikia mwaka 1823 Pemba ilikuwa imekwisha kutwaliwa mikononi mwao. Msidhani kuipoteza Pemba ni kupoteza fahari tu. Pemba ndiyo iliyokuwa ghala ya chakula ya Mombasa. Basi liwali Suleiman bin Ali na wenziwe wakaona hakuna budi kutafuta ngao, wakaitafuta baharini. Nahodha Vidal alipofika Disemba 1823 walimwomba himaya, akakataa. Alipokuja mkubwa wake, Nahodha Owen, na manowari yake Leven, Februari iliyofuata, aliikuta bendera ya Kiingereza imekwisha kupandishwa na wenyeji wenyewe.

Owen akakubali, bila ya ruhusa ya serikali yake. Katika mapatano yale Waingereza waliahidi kuwarudishia Wamazrui milki zao, na Pemba ikiwamo. Uliwali ungebaki katika ukoo wao. Ushuru wa bandari ungegawanywa nusu kwa nusu, biashara ya watumwa ingekomeshwa, na raia wa Kiingereza wangeruhusiwa kufanya biashara na bara.

Hapo penye neno "bara" ndipo tulipotua, kwa kuwa bara haikuwa mali ya liwali hata aigawe. Nyuma ya kisiwa walikuwako Wadigo, Waduruma, Warabai, Wagiriama, Waribe, Wachonyi, Wakambe, Wajibana na Wakauma, watu tunaowaita leo Mijikenda. Watu hawa walikaa katika kaya zao ndani ya misitu, wakiongozwa na wazee wao, na hawakumsujudia yeyote aliyekaa Ngomeni. Mtama uliingia mjini kwa mikono yao. Pembe za ndovu walizozileta Wakamba kutoka mbali zilipita kwao, na sandarusi pia. Pemba ilipotoka, mji ukawa unakula kwa hisani ya jirani wa bara.

Na hisani hiyo ilikuwa na adabu zake. Wazee wa kaya walikuja mjini kwa ujumbe, wakapokewa, wakalishwa, wakapewa nguo. Liwali aliyezuia heshima hiyo alijua mlango gani utafungwa. Luteni Emery, aliyeshika nafasi baada ya Reitz, alikuwa akiandika mambo ya kila siku, na kuja kwa Wanyika mjini ni katika aliyoyaona. Wala mambo haya hayakuanza siku zake. Historia za Mombasa zasimulia kwamba Mreno alipotolewa mara ya mwisho, mwaka 1729, katika ujumbe uliokwenda Oman kumwona Imamu walikuwamo wazee wa Kinyika pamoja na wa Kiswahili. Walipanda jahazi moja.

Hatusemi haya ili kuupaka mafuta usuhuba ule. Mji wenyewe ulikuwa umegawanyika: Tisa Taifa upande mmoja, Thelatha Taifa upande wa pili, na kila upande una rafiki zake bara. Wadigo walikuwa karibu zaidi na Thelatha Taifa. Ugomvi wa mjini ukivuka maji ukawa ugomvi wa bara, na wa bara hivyo hivyo. Tena kuna jambo zito ambalo wazee wetu hawapendi kulitaja. Miaka ya njaa, watu wa bara waliwaweka watoto wao rehani mjini ili wapate nafaka, na wako waliowachukua watoto wale kisha wakawauza. Yule aliyeuziwa mwanawe hakusahau, wala hatuna haki ya kumtaka asahau. Labda neno "Mnyika", linavyotamkwa kwa dharau, lina mizizi huko: mtu humdharau zaidi yule aliyemdhulumu.

Bendera ya Owen haikudumu. London haikuyakubali mapatano, kwani Seyyid Said alikuwa rafiki aliyewafaa zaidi, huku Uarabuni na njia ya Bara Hindi. Wamazrui nao walikwishachoka: Pemba hawakuiona, na nusu ya ushuru ilikwenda. Julai 1826 Emery akaondoka.

Seyyid Said akaja mwaka 1828, akaweka askari wake Ngomeni; Wamazrui wakawazingira mpaka njaa ikawatoa. Akarudi tena na tena, asifaulu. Ni siku hizo Muyaka bin Haji alipokuwa akiwatungia watu wa Mvita mashairi ya vita. Kilichouangusha mji hatimaye, mwaka 1837, ni fitina ya ndani. Wakubwa wa Thelatha Taifa walifarakana na liwali Rashid bin Salim, wakampa mkono Seyyid. Rashid na wakubwa wenziwe wakakamatwa kwa hila, wakapelekwa Bandar Abbas, na hawakurudi.

Je, waliosalia walikimbilia wapi? Hawakukimbilia kwa Waingereza. Kundi moja lilikwenda Takaungu, ubavuni mwa Wagiriama na Wachonyi, na jingine Gasi, katikati ya Wadigo. Walipokewa, wakakaa, wakaoa, wakazaa. Mbaruk bin Rashid, mwana wa liwali yule yule, alipopigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, walikuwako Wagiriama na Wadigo waliosimama naye.

Yule mzee wa nyumba ya posa ni mtu wa Gasi kwa asili. Tulimkumbusha hayo kwa adabu, mbele ya kahawa. Akanyamaza kitambo, kisha akasema atazungumza na nduguze. Mpaka tunaandika haya, kijana bado anangoja jibu.