Je, Wajua? Vita ya meli Ziwa Victoria

Ukiteremka kutoka Bariadi hadi Lamadi, wilayani Busega, unafika kwenye Ghuba ya Speke. Ghuba hii tulivu iliona vita ya majini na nchi kavu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Wajerumani walikuwa Mwanza, Waingereza Kisumu. Meli za abiria na mizigo, kama Winifred na Sybil, zilifungwa mizinga. Novemba 1914 Sybil ilikwama karibu na Majita, ikanasuliwa mwaka uliofuata.

Juni 1916 Waingereza waliteka Ukerewe, kisiwa kilichowalisha Wajerumani mchele. Mwezi uliofuata meli zilishusha askari usiku mashariki ya Mwanza, wakiwemo Waafrika wa jeshi la Kiingereza la King's African Rifles (KAR), wakaendelea kwa miguu. Mji ulianguka tarehe 14 Julai.



Historia hii ya ziwa letu inastahili kufundishwa shuleni Simiyu. Walimu, ianzeni Busega, wilaya pekee ya mkoa huu inayopakana na Ziwa Victoria.