Sura ya 7: Jehanamu Ina Mwisho?

Kwamba baada ya kifo kuna hukumu, Wakristo hawabishani sana. Ubishi huanza kwenye muda wa adhabu, na hapo kuna majibu matatu. Kila moja linategemea jinsi watu wanavyoelewa kazi ya adhabu yenyewe.

Kwa Origene wa Aleksandria, mwalimu wa Maandiko wa karne ya 3, adhabu ya Mungu ni dawa: huunguza ili iponye. Dawa ikishaponya haina kazi tena, kwa hiyo alitumaini kwamba mwishowe roho zote zitamrudia Muumba. Gregori wa Nisa alifuata mkondo huohuo katika karne ya 4, na Kanisa linamheshimu hadi leo kama mtakatifu. Origene hakubahatika hivyo. Mwaka 543, Origene akiwa kaburini karibu miaka 300, Kaisari Justiniani alitoa waraka wa kumlaani yeyote anayefundisha kwamba adhabu ya waovu itakoma.

Jibu la pili ni la Augustino, askofu wa Hippo, naye aliliona suala hili kwa jicho la haki: adhabu ni malipo ya dhambi. Hoja yake aliijenga juu ya Mathayo 25:46, ambapo Yesu anataja adhabu ya milele na uzima wa milele kwa pamoja. Ukisema adhabu itakwisha, utauteteaje uzima usikwishe nao? Makanisa mengi ya Magharibi yalimfuata. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inafundisha kwamba jehanamu ni ya milele, na adhabu yake kuu ni kutengwa na Mungu. Toharani ni jambo jingine: ni utakaso wa waliokufa katika neema, nao una mwisho.

Jibu la tatu wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wamelisikia kwa Wasabato. Kwao, wafu wamelala hadi ufufuo, na kazi ya adhabu ni kuwaondoa waovu kabisa: watateketezwa wasiwepo tena. Huelekeza kwenye Yuda 7: Sodoma iliadhibiwa kwa moto wa milele, lakini leo haiwaki. Kilicho cha milele ni matokeo ya moto. Mwaka 1988 John Stott, kasisi Mwanglikana wa Uingereza, naye alionyesha kuelekea upande huo.

Basi ukimsikia mhubiri akinguruma kuhusu jehanamu, muulize kwanza adhabu hiyo ni ya nini. Akishajibu, muda wake utaukadiria mwenyewe.