Kilomita za Buzuruga

Asubuhi pale Buzuruga, Mwanza, daladala inachomekea, bodaboda inapenya kushoto, mama mwenye beseni la dagaa anavuka. Kilomita moja hapo ina hatari zaidi kuliko kadhaa za lami iliyonyooka.

Tofauti hiyo husahaulika kampuni ya Tesla inapotangaza kuwa magari yanayotumia Autopilot, mfumo wake wa kumsaidia dereva, hupata ajali chache kwa kila maili kuliko wastani wa Marekani. Mfumo huo hutumika zaidi kwenye barabara kuu. Wastani unajumuisha mitaa yenye msongamano na magari chakavu. Tena dereva yumo, huokoa hali mfumo unapokosea.

Tangu 2021 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani huzitaka kampuni ziripoti ajali zinazohusisha mifumo kama hiyo, lakini takwimu hutolewa bila kilomita zilizoendeshwa. Ajali kumi katika kilomita ngapi?